Nyumba Inayojua Uchafu Wake Unakokwenda

Katika miji midogo ya wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, kuanzia Katesh na Endasak hadi Dongobesh na Haydom, nyumba mpya ya matofali ya saruji na bati la rangi hutofautiana na nyumba za kizazi kilichopita kwa jambo lililo kubwa kuliko bati na madirisha ya vioo, nalo ni kwamba choo na bafu vimeingia ndani na kukaa chini ya paa moja na vyumba vya kulala. Mabadiliko haya yanastahili kufurahiwa, kwa sababu mzee, mjamzito na mtoto mdogo hawalazimiki tena kutoka nje usiku katika baridi ya Juni na Julai, ambayo wakazi wa nyanda hizi wanaifahamu vizuri. Hata hivyo, yamefika upande mmoja tu: ramani ya nyumba imebadilika na gharama yake imepanda, lakini maarifa ya kukitunza chumba hiki kipya hayajasafiri pamoja na vigae vyake, hivyo si ajabu kukuta choo cha ndani kinanuka, kinavuja au kimeziba kabla hata rangi ya kuta haijapauka, na familia ikirudi kimyakimya kwenye choo cha shimo kilicho nyuma ya nyumba.

Chanzo cha hali hiyo kinaonekana hata katika lugha. Kiswahili kina neno choo kwa mahali pa kwenda haja na neno bafu kwa mahali pa kuoga, na kwa muda mrefu maneno hayo mawili yalikuwa sehemu mbili zilizotengana: choo kilikuwa shimo kavu mbali na nyumba, ilhali bafu lilikuwa ua mdogo wa miti au mabati ambamo maji ya kuoga yalinywewa na ardhi papo hapo. Nyumba mpya imeviunganisha, na kwa kufanya hivyo imezaa tatizo ambalo vyoo vya zamani havikuwa nalo, kwa maana maji mengi ya sabuni sasa yanakwenda mahali palipotarajiwa kupokea kinyesi na maji machache, na mvuke wa maji ya moto unabaki katika chumba kidogo ambacho kwanza kabisa kilihitaji hewa.

Si kweli kwamba watu wa eneo hili hawakuwa na elimu ya kushughulikia uchafu wa nyumba. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu, hasa kandokando ya Kainam, walijenga nyumba za tembe, yaani nyumba fupi zenye paa la udongo, nyingine zikiwa zimechimbwa ubavuni mwa kilima, na mifugo ililala ndani pamoja na watu. Nyumba ya namna hiyo isingekalika hata wiki moja kama samadi isingezolewa na kupelekwa shambani, na kwa kweli ilizolewa, ikarutubisha mashamba ya miinuko ambayo yalilimwa vizazi kwa vizazi bila kuchoka. Usafi wa nyumba na rutuba ya shamba vilikuwa kazi moja, na kila mtu wa nyumbani, hata mtoto, alijua uchafu unatoka wapi na unaishia wapi. Elimu hiyo ndiyo iliyopotea katika nyumba mpya, ambamo mtu huvuta kishikio, maji yakazama, na hakuna hata mmoja wa familia anayeweza kuonyesha kwa kidole yalikokwenda.

Sera za nchi nazo zimechangia kusahau huko bila kukusudia. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa kutumia redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza pamoja iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, ikawahimiza kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao, na miongo kadhaa baadaye ikaja Nyumba ni Choo, iliyosisitiza choo bora, yaani choo chenye sakafu inayosafishika, kuta, paa, mlango na mahali pa kunawia mikono. Kampeni hizo zilikuwa na faida isiyopingika. Lakini kipimo chake kikuu kilikuwa idadi ya vyoo vilivyojengwa, na choo kikishahesabiwa ni mara chache mtu alirudi baadaye kuuliza kama bado kinatumika.

Kwa wakazi wa Mbulu suala hili ni la afya moja kwa moja, wala halipaswi kuchukuliwa kuwa anasa ya wenye nyumba nzuri. Utafiti wa Helena Ngowi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, uliwachunguza nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya hiyo na kugundua kwamba takriban asilimia 17 walikuwa na malengelenge ya tegu, yaani mnyoo mrefu bapa anayeishi katika utumbo wa binadamu. Mzunguko wake ni huu: mtu mwenye tegu hutoa mayai pamoja na kinyesi, nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho na kupata malengelenge nyamani, na mtu anayekula nyama hiyo bila kuiva vizuri hupata tegu, lakini mtu anayemeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu ya mtu mwingine au ya kwake, huweza kupata malengelenge hayohayo ndani ya ubongo, na moja ya matokeo yake ni kifafa. Uhusiano huo wa kifafa na tegu umechunguzwa kwa miaka mingi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955. Choo kilichoziba kinachoirudisha familia vichakani, au chemba, yaani kisanduku chenye mfuniko ambamo mabomba hukutana na kupinda, iliyopasuka na inayotiririsha maji machafu mahali nguruwe wanapopita, hurudisha mzunguko ambao choo kilijengwa ili kuukata.

Katika wilaya ya Hanang swali la nyumba mpya lina uzito wa pekee. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom, yakaua watu 89 na kuacha familia nyingi bila makazi, na mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, nyumba 109 zilizojengwa kwa ajili ya waathirika zilikabidhiwa katika eneo la Waret, kijiji cha Gidagamowd. Jambo la kuzingatia hapa ni la jumla, nalo linamhusu pia mtu anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa au anayejengewa na ndugu aliye mbali: aliyejenga nyumba yake mwenyewe walau aliuona mtaro ukichimbwa na bomba likilazwa, ilhali anayepokea ufunguo wa nyumba iliyokamilika hupokea pia mabomba yaliyofukiwa ambayo hajawahi kuyaona. Huyo wa pili anahitaji maelezo, na maelezo hayo ni sehemu ya nyumba kama lilivyo paa.

Kitu cha kwanza cha kueleza ni maji, kwa kuwa choo cha kuvuta maji ni mtambo unaoendeshwa na maji, na mtambo usio na nishati yake haufanyi kazi hata ukiwa wa thamani namna gani. Tangi la kuflashi la kawaida hutumia lita 6 hadi 9 kwa mvuto mmoja, na choo cha kumwagia kwa kopo, ambacho kwa kawaida ni cha kuchuchumaa, huhitaji lita 2 au 3 tu. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia choo mara tano kwa siku, itahitaji lita 270 kwa tangi la lita 9, kiasi ambacho kinamaliza simtanki la lita 1,000 kabla siku ya nne haijaisha, na hapo hakuna aliyeoga wala kupika. Familia hiyohiyo ikiwa na choo cha kumwagia lita 3 itatumia lita 90, na simtanki hilohilo litafika siku ya 11. Mahali ambapo bomba hutoa maji kwa zamu, au ambapo maji huletwa kwa punda na kulipiwa kwa dumu, hesabu hii ndiyo inayoamua kama choo kitakuwa kisafi, wala si bidii ya mwenye kukisugua. Hakuna aibu yoyote katika choo cha kuchuchumaa chenye sinki laini la kauri, na mtu anayekichagua kwa sababu ya maji amefanya uamuzi wa busara kuliko anayeweka choo cha kukaa ili wageni wakione.

Tangi la kuflashi linapochaguliwa, lichunguzwe walau mara moja kwa mwezi, kwa sababu mpira wa chini unaozuia maji huchakaa na kuruhusu mkondo mwembamba usiosikika, ambao unaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Kipimo chake hakihitaji fundi: kikombe cha chai ya rangi iliyokolea humiminwa ndani ya tangi, choo huachwa bila kutumika kwa dakika 20, na rangi ikionekana ndani ya sinki basi mpira ubadilishwe.

Paa la bati nalo ni chanzo ambacho wengi hukiachia kimwagike. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 60 huleta karibu lita 600, ukiacha zinazopotea kwenye michirizi. Maji hayo yana faida nyingine katika ukanda huu wa Bonde la Ufa, ambako visima vingi hutoa maji yenye chumvichumvi na madini ya floraidi: maji ya mvua hayaachi ukoko mweupe kwenye sinki, kwenye bomba la mvua la kuogea wala kwenye vigae, na hivyo hupunguza kazi ya kusugua kabla haijaanza.

Baada ya maji huja mteremko na hewa. Sakafu ya bafu inapaswa kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji, na kasoro ya jambo hili dogo haitibiki kwa sabuni yoyote, kwa sababu dimbwi linalobaki pembeni litazaa utelezi na kuvu kila siku ya maisha ya nyumba hiyo. Sakafu ya niru, yaani saruji iliyosuguliwa hadi ikawa laini, ikiwa na mteremko mzuri ni safi kuliko vigae vya bei kubwa vilivyolazwa kwa mteremko mbaya, na isitoshe haina mistari ya saruji nyembamba ambamo uchafu hujificha. Dirisha la bafu nalo lisizibwe kwa sababu ya baridi, kishawishi ambacho katika nyanda hizi ni kikubwa. Mtu akishaoga maji ya moto, mvuke usipopata pa kutokea hutulia juu ya dari na kwenye kona za kuta, na madoa meusi yanayojitokeza baada ya miezi michache ni kuvu hai linaloweza kuwasumbua wenye pumu. Kuyasukuma maji sakafuni kwa mpira au fagio baada ya kuoga, na kuacha dirisha wazi kwa saa moja, kunatosha kuzuia sehemu kubwa ya madoa hayo.

Harufu katika choo kipya mara nyingi huwashangaza wenyewe, kwani hutokea hata pale ambapo kila kitu kinang'aa. Chini ya sinki, na chini ya tundu la sakafuni, kuna sehemu ya bomba iliyopinda mithili ya goti ambamo maji kidogo hubaki muda wote, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya shimoni isipande ndani. Choo cha wageni kisichotumika kwa wiki kadhaa hukaukiwa na maji hayo na kuanza kunuka, na watu hukimbilia kununua manukato, ilhali dawa yake ni makopo mawili ya maji kila Jumamosi. Ikiwa harufu inaendelea, kinachofaa kutazamwa ni bomba la hewa, ambalo linapaswa kupanda kutoka kwenye tangi la maji taka hadi juu ya paa na kufunikwa wavu wa kuzuia nzi.

Juu ya dawa za kusafishia kuna kosa linaloenea kwa kasi na ambalo ni la hatari, kwa hiyo linahitaji kuelezwa kwa kirefu. Uchafu wa chooni ni wa aina mbili kuu. Wa kwanza ni mafuta ya mwili, sabuni iliyoganda na uchafu wa kawaida, ambao huondolewa na kitu chenye tabia ya magadi, kama sabuni ya unga au magadi yenyewe, ambayo wakazi wa Hanang wanayajua tangu zamani kutoka katika maziwa yao ya chumvi kama Balangida. Wa pili ni ukoko wa madini ya maji na wa mkojo, mgumu na wenye rangi nyeupe au ya kahawia, ambao magadi hayauwezi na ambao huyeyushwa na kitu chenye uchachu, kama siki au maji ya limao yakiachwa usiku kucha. Anayetofautisha aina hizi mbili hatumii nguvu nyingi. Asiyezitofautisha hununua asidi kali inayouzwa kwenye chupa madukani, akaimimina juu ya kila doa, na asidi hiyo huitafuna pia saruji iliyo kati ya vigae, ikaacha vinyweleo ambavyo vitashika uchafu haraka kuliko mwanzo.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya. Dawa ya klorini ambayo wengi huiita jiki ikikutana na asidi ya chooni hutoa gesi ya klorini, gesi ileile ambayo majeshi ya Ujerumani yaliiachia karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji mwezi Aprili 1915 ikaua askari kwa kuwaunguza mapafu, na chumba cha choo kilichofungwa ni kidogo kiasi kwamba kiasi kidogo tu kinaweza kumdhuru anayesafisha. Klorini itumike peke yake, baada ya sakafu kuoshwa kwa sabuni na kusuuzwa, kwa kuwa uchafu huimaliza nguvu kabla haijaua vijidudu. Sehemu 1 ya dawa yenye asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5, unaotosha hata baada ya mgonjwa wa kuhara, na uachwe juu ya sakafu kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Kwa siku za kawaida sabuni na brashi vinatosha. Ikumbukwe pia kwamba klorini na asidi zinazomwagwa kwa wingi huua bakteria wa tangi la maji taka, ambao ndio wanaomeng'enya kinyesi, na kwa hiyo usafi wa kupita kiasi juu huharakisha kujaa kwa shimo chini.

Tangi hilo, ambalo mafundi huliita septiki, ni sanduku la zege lenye vyumba viwili ambamo tope hutuama na maji yaliyochujika hupita kwenda kwenye shimo la kufyonza. Mtu mmoja huongeza takriban lita 40 za tope kwa mwaka, hivyo familia ya watu sita huongeza lita 240, na tangi la lita 3,000 litakuwa na theluthi moja ya tope baada ya miaka minne hivi, wakati ambapo linapaswa kunyonywa. Wenye nyumba wengi hudhani limejaa pale tu maji yanaporudi juu, na kufikia hapo tope limeshaingia kwenye shimo la kufyonza na kuziba udongo, jambo ambalo kulirekebisha ni kuchimba shimo jipya. Maji ya kuoga yanaongeza mzigo huu kuliko watu wanavyofikiri, kwani ndoo ya lita 20 kwa kila mmoja wa watu sita ni lita 120 kwa siku, zaidi ya choo cha kumwagia chenyewe. Ni heri maji hayo yapelekwe kwa bomba la peke yake kwenye shamba la majani ya ng'ombe, ilimradi klorini na asidi zisipitie huko. Na mahali penye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, mabomba yalazwe juu ya mchanga, la sivyo udongo utayavunja. Shimo likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na mahali ambapo gari la kunyonya maji taka linaweza kufika.

Mzigo wa haya yote kwa sasa umewaangukia akina mama na mabinti, ambao ndio wanaochota maji na kusugua, ilhali maamuzi ya aina ya choo, mteremko na mahali pa shimo hufanywa na wanaume na mafundi wao. Mgawanyo huo si wa haki, tena unaharibu majengo, kwa sababu anayejua dimbwi linabaki wapi haulizwi wakati wa ujenzi. Mama wa nyumba aitwe siku sakafu inapomwagwa.

Halmashauri nazo zina uwezo wa kufanya jambo ambalo halihitaji fedha nyingi: kibali cha ujenzi katika miji yao kiambatane na mchoro rahisi wa mahali pa chemba, pamoja na mahali pa tangi, shimo na koki kuu, na bwana afya akague mchoro huo kabla mitaro haijafukiwa. Mchoro huohuo utolewe kwa kila familia inayopokea nyumba iliyojengwa na Serikali au na wafadhili, ukiwa umeandikwa kwa Kiswahili chepesi, na mtu wa kuueleza awepo siku ya kukabidhi ufunguo.

Lakini aliye na nyumba inayojengwa sasa hivi asisubiri kanuni. Kabla hajamlipa fundi malipo ya mwisho, amwage ndoo mbili za maji katika sakafu ya bafu na kutazama yanakoelekea, afungue kila chemba na kuangalia maji yakipita, apime kwa hatua umbali kutoka ukutani hadi kwenye mfuniko wa tangi, aandike yote kwenye karatasi moja, kisha karatasi hiyo aihifadhi pamoja na hati ya kiwanja.